Alama Mbili kwa Mtoto Asiye na Jina

Birikani,
Voi.
Jumatano, 12 Machi 2025.

Mpendwa dada Nabwile,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa nyumbani. Hujambo? Shemeji Nzioka hajambo? Na Donald wetu anaendeleaje na shule, na hiyo baridi yenu unayosema inakata masikio? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Joto ndilo linalotuonea. Mwezi wa tatu wa Voi unaujua mwenyewe: upepo wa mchana unaingiza vumbi jekundu hata ndani ya sufuria iliyofunikwa, na ukitazama upande wa Sagalla ni kama mtu ameutandikia mlima pazia. Tunangoja mvua tu.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu na simu iko. Dada, kwa simu wewe hunijibu kwa kidole gumba. Nakuandikia maneno mengi, nakumwagia moyo, unanirudishia kidole. Karatasi haina kidole, itabidi uisome hadi mwisho. Anakuletea Mwalimu Muinde, yule aliyekuwa akituimbisha kanisani, anayekuja kumwona bintiye aliyejifungua huko kwenu. Nimemwapisha asiikunje. Ana leso yako pia. Mama aliichagua mwenyewe dukani, kwa hiyo usinilaumu kwa rangi.

Nina hamu nawe. Nalisema hili mapema lisije likapotea katikati ya habari nyingine. Nikipika ugali, ukoko unabaki kwenye sufuria mpaka naulowesha kwa maji, maana hakuna wa kuugombania. Sheila wangu anasema yeye hali vitu vilivyoungua. Mtoto amezaliwa Voi, babu yake alikuwa mtu wa reli kutoka Bungoma, naye anajifanya hajui ukoko ni nini! Ungekuwepo ungemtia adabu kwa mfano, ungeukwangua wote mbele yake.

Ndovu wametoka tena upande wa Ndara. Wiki jana waliingia kwenye shamba la Mzee Nzau, wakala mahindi machanga, wakaangusha na tangi la maji, kisha wakaondoka polepole kama wageni walioshiba. Kavinya, jirani yetu, bado anauza matunda Miasenyi kando ya barabara kuu, na kila akishuka jioni hunipitia kuuliza kama umesema utakuja lini. Zamani nilikuwa namjibu. Siku hizi namkaribisha chai.

Sasa habari ya Mama, ambayo nimeizungukazunguka kwa sababu sikujua niianzie wapi. Lile sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia bado linasikia, lakini lazima uliinamie na useme taratibu. Nilimpeleka kwa daktari wa masikio, akampima, kisha akaniita mimi kando. Alisema hilo la kulia nalo linakwenda huko huko. Huenda likachukua mwaka, huenda likasukuma miwili, yeye hawezi kuapa. Kile kifaa ulichotuma anakivaa kwenda kanisani tu. Anasema akikivaa nyumbani anasikia sufuria vizuri kuliko watu.

Nilimweleza Mama, na hakulia. Wewe unamjua. Tulipokuwa tunarudi aliniambia jambo moja tu, kwamba ulimwengu huu ameusikia wa kutosha, treni za Baba peke yake zingemtosha mtu maisha mazima. Lakini kabla sikio halijafunga anataka kumsikia Donald akizungumza naye. Si kwenye simu, bali wakiwa wameketi, mtoto aongee mpaka achoke.

Maana simu, dada, tuseme ukweli. Jumapili mkipiga, wewe na Mama mnaongea Kibukusu chenu mpaka mnacheka hadi nasikia kikohozi. Kisha unamwita Donald. Anasema, "Hai, Grandma." Mama anamsalimu kwa Kibukusu, mulembe. Halafu wanabaki pale wawili, kila mmoja anamsikiliza mwenzake akipumua, mpaka unachukua simu. Mama akishaikata huifuta kwa leso na kuniuliza, "Alisema nini?" Namwambia alikusalimu. "Hiyo tu?" Ndiyo, Mama, hiyo tu.

Mara ya mwisho Mama kumshika Donald ni tulipomzika Baba, na Donald hakuwa ameota hata jino moja. Alilala kifuani pake mazishi yote. Mama husema mtoto yule ndiye aliyemshikilia asianguke siku ile, si sisi tuliomkamata mikono.

Sasa nikueleze kazi yangu, kwa sababu nasikia bado unawaambia watu huko kwamba dada yako ni mwalimu. Ile shule ya binafsi nilikofundisha ilipofungwa nilikaa nyumbani muhula mzima nikichambua mchele usio na mawe. Kisha Omolo, yule kijana fundi wa kompyuta pale mjini, akaniambia kuna kampuni ya ng'ambo inatafuta watu wa kusahihisha insha za watoto wa shule kwa mtandao. Nikafanya majaribio yao, nikapita. Sasa kila asubuhi nakwenda kwenye chumba cha Omolo, ambako umeme ukipotea kuna betri, nakaa mbele ya tarakilishi na kusoma watoto wa Amerika. Watoto wa huko huko kwenu!

Usinicheke. Ni mitihani ya majaribio, ile ya kuwaandaa kwa mitihani yao mikubwa. Insha inakuja kwenye skrini haina jina, haina shule, haina jimbo, ni nambari tu. Nina mwongozo unaosema insha ya alama moja inafananaje, ya mbili, ya tatu na ya nne. Nasoma, nabonyeza alama, inaondoka, inakuja nyingine. Kila asubuhi kabla ya kuanza tunapewa insha chache za kujipima, na alama zako zikienda kombo na za kwao, siku hiyo hufunguliwi mlango. Wanataka sote tuwe na jicho moja, aliye Voi na aliye Manila.

Kwa kazi hii nimewajua watoto wa nchi yenu, dada, mpaka naogopa. Najua jino likitoka wanaliweka chini ya mto. Najua mbwa akifa wanamzika nyuma ya nyumba na kumwombea. Najua wanavyoamka asubuhi wakisali theluji iwe nyingi ili shule isifunguliwe, na wanavyochukia zile karoti ndogo za chakula cha mchana. Nimesoma juu ya nyanya zao, mabinamu zao, samaki wao wa ndani ya chupa. Siku moja nilisimama katikati ya barabara pale stendi nikajiuliza: na Donald, yeye hula nini mchana? Anamwogopa nani shuleni? Rafiki yake anaitwaje? Sikuwa na jibu hata la swali moja. Watoto wa watu nawajua hadi karoti, na mtoto wa dada yangu simjui.

Basi mwezi wa kwanza tukaletewa swali jipya kwetu. Watoto waliambiwa waandike juu ya mtu wa familia yao anayeishi mbali. Nilipoliona nikacheka peke yangu, Omolo akanigeukia. Wengi waliandika juu ya shangazi aliye Florida au babu mwenye mashua ya ziwani. Nikawa nasoma, nabonyeza, nasoma, nabonyeza, na ndani yangu kuna kitu kinachungulia kila insha kama mtu anayengoja mgeni kwenye kituo cha treni. Nilijua ni upuzi. Watoto wa nchi nzima hao, na hata sijui kama shule ya Donald hufanya mitihani hiyo. Lakini moyo hauna mwongozo.

Ndipo ikaja moja fupi. Mtoto alisema mtu wake wa mbali ni nyanya yake, lakini hamjui vizuri, kwa hiyo ataandika juu ya mama yake. Akasema Jumapili mama huongea na nyanya kwenye simu jikoni, kwa lugha ambayo haitumii na mtu mwingine yeyote pale nyumbani. Kwa lugha hiyo mama yake hucheka kicheko kingine, kikubwa, cha kupiga meza. Yeye humuuliza kuna nini cha kuchekesha, na mama humwambia, kwa Kiingereza hakichekeshi. Halafu akamaliza hivi: siku moja ningependa kuwa upande ule wenye kuchekesha.

Hiyo ndiyo insha yote. Haina aya, tahajia imevunjika miguu, na kwa mwongozo ni alama mbili tu, maana aliulizwa juu ya mtu wa mbali akaandika juu ya mtu wa jikoni. Nilikaa nayo mpaka skrini ikaanza kunikumbusha kwamba natumia muda mwingi. Nikabonyeza nne. Nilibonyeza kwa furaha, dada, kama ninayemnunulia mtoto soda.

Mchana nilikwenda nyumbani kula nikamsimulia Mama, nimeinama kwenye sikio la kulia. Nilimweleza yote, kicheko, meza, upande wenye kuchekesha. Mama akaacha kutafuna. Akauliza, "Ni Donald?" Nikamwambia, Mama, insha hazina majina, watoto hao ni wengi kama mchanga wa Mto Voi. Akasema, "Kama hana jina basi anaweza kuwa yeyote." Akarudi kwenye chakula.

Lakini tangu siku hiyo alibadilika. Alimwita Sheila jikoni akamwambia amfundishe Kiingereza. Mama, Nabwile! Mama ambaye alikuwa akimwambia Baba kwamba Kiingereza ni lugha ya kuandikia barua za kufukuzwa kazi. Sasa anajua kusema karibu, kaa hapa, kula, na umeshiba? Hiyo ya mwisho akiisema Sheila huanguka kitini kwa kicheko, na Mama huirudia kwa makusudi. Anasema anataka maneno machache ya kumvutia mtoto karibu, yaliyobaki atamfundisha yeye.

Siku kadhaa baadaye nikafika kazini nikakuta nimefungiwa nje. Kwenye skrini kumeandikwa kwamba usahihishaji wangu umepotoka, nisubiri kupigiwa. Akanipigia Tryphena, msimamizi wetu aliye Nairobi, mtu mwema lakini mkavu, na kumbe mashaka yote ni ile insha. Wana desturi ya kuchomeka katikati ya kazi insha zilizokwisha kusahihishwa na wakubwa wao, wakuone kama jicho lako bado liko sawa. Huambiwi ni ipi. Mimi ile niliyoipa nne walikuwa wameipa mbili zamani.

Nikajitetea. Nilimwambia Tryphena kwamba mtoto yule ameandika ukweli, na katika lundo zima sikusoma mwingine aliyeandika hivyo. Akaniacha nimalize, kisha akaniambia, "Khalayi, sisi hatumark ukweli, tunamark guide. Na hiyo paper ni ya kitambo sana. Mimi niliikuta kwa system, na huu ni mwaka wangu wa nane hapa. Huyo mtoto saa hii ako na ndevu."

Aliniita mara mbili akidhani mtandao umekatika.

Dada, sijui kama naweza kukueleza kilichonipata. Nilikuwa nimemweka mtoto yule jikoni, amesimama kando ya friji na daftari lake, anamtazama mamake akipiga meza. Nilikuwa namhesabu kuwa yupo, kwamba nafasi bado ipo, kwamba mama mtu akigeuka tu na kumwita, mambo yatakuwa sawa. Na kumbe wakati namsoma alikuwa amekwisha ondoka jikoni zamani. Yuko chuoni, au kazini, pengine ana mke. Ile siku moja aliyoitamani ilikuja au haikuja, na nyanya yake huyo yu hai au amekufa, nami huku Voi nambonyezea nne.

Nikafanya mafunzo waliyoniamuru, nikarudishwa. Jioni yake nilimweleza Mama, kwa sababu sikutaka aendelee kufundishwa Kiingereza kwa ajili ya mwanamume mwenye ndevu. Alikuwa anachambua maharagwe. Nikamwinamia nikamwambia, Mama, si yeye, insha ni ya zamani, mwenyewe ni mtu mzima.

"Nilijua si wetu," akasema. "Lakini wetu naye si husikia mamake akicheka?"

Akaendelea kuchambua maharagwe. Tangu hapo natembea na swali lake, na nakuomba radhi, lakini nitakuuliza wewe. Mkipiga simu Jumapili, mkiwa mmefika pale pa kucheka, Donald huwa wapi? Yuko chumbani kwake na vidude vyake masikioni? Au yuko mlangoni? Umewahi kugeuka ukatazama?

Sikulaumu. Nani atakulaumu? Ulikwenda huko na sanduku moja, ukafanya kazi za usiku za kuwageuza wazee wa watu vitandani, ukasoma, ukatulea sisi wote kwa mbali. Najua Kiingereza kilikuwa rahisi kwa mtoto na wewe umechoka. Hata mimi huku Sheila nimempa Kiswahili, na Kibukusu amekiokota jikoni kwa Mama kama anayeokota kuni. Nasema tu kwamba kuna kicheko chako ambacho mwanao hajaingia ndani yake, na mwenye ufunguo wa pili ni Mama, na sikio la Mama linafunga.

Alhamisi iliyopita ile insha ilinirudia. Ndivyo wanavyofanya, huirudisha waone kama umepona. Niliijua toka mstari wa kwanza. Nikaisoma yote hata hivyo, polepole, kwa heshima yake. Kisha nikabonyeza mbili. Skrini ikanipongeza, ikaleta nyingine, ya mtoto na sungura wake. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua mpaka Omolo akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni macho. Jioni nikanunua karatasi hizi.

Nabwile, mwaka huu sikuombi kitu kingine chochote. Usitume kitu, usinunue kifaa kipya, usiniahidi Desemba. Shule zenu hufungwa mwezi wa sita. Mlete Donald. Usingoje ajue lugha kwanza, atajulia hapa hapa, akiwa na vumbi miguuni. Nitampeleka Wundanyi akaone watu wanavyolima mlimani hadi unadhani wataanguka, na Kavinya atampa matunda mpaka aumwe tumbo. Asubuhi na jioni atakuwa wa Mama. Ana miaka kumi na mmoja. Sasa hivi bado ni mtoto, bado hujasikia sauti yake ikivunjika, bado anaweza kuketi kwenye mkeka na ajuza akachekeshwa na neno ambalo kwa Kiingereza halichekeshi. Hizi ni siku zake zenyewe, dada, ziko mikononi mwako, na hakuna mtu atakayekuja kuzipitia mara ya pili.

Nisalimie Shemeji Nzioka, mwambie watu wake wa Kibwezi walipita hapa mwezi jana na wako salama. Sheila anakusalimu na anaomba usimsahau, ingawa hakusema katika jambo gani, wewe utajua. Kavinya anakusalimu. Hata Omolo anakusalimu, ambaye hakujui, lakini ameniona nikiandika akataka awemo.

Mungu awafunike na mkono wake katika nchi hiyo ya theluji, alainishe mioyo ya wakubwa wako wa kazi wakupe ruhusa, na awafungulie njia mfike salama.

Nimemsomea Mama barua hii yote, kwa sauti kubwa hata majirani sasa wanajua habari zetu. Anakusalimu wewe, anamsalimu Nzioka, anawasalimu na wale wazee unaowatunza. Nilipofika kwa Donald alinishika mkono wenye kalamu, akaniambia nisiandike kitu. Za Donald hazitumi. Anasema hizo atampa mwenyewe, kwa mdomo wake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila kupungua,

Khalayi.